Nyumba ya Vyumba Tisa

Katika Maskati ya mwaka 1965, mwanamke aliyegawa sinia moja ya wali na nyama kwa watu kumi na saba, kila mmoja akaondoka akiamini kwamba hakupunjwa, hakuitwa mjuzi wa hisabu. Aliitwa mpishi. Mwanamke aliyechukua kitambaa cha wari tatu akatoa ndani yake kanzu ya mtoto, suruali mbili na kiraka cha akiba aliitwa mshonaji. Mtu wa hisabu alikuwa yule bwana aliyekaa dukani Matrah, mji wa soko ulio jirani, mizani mbele yake na karani nyuma yake, ambaye karani akiugua naye hufunga duka.

Bi Kheiria binti Majid aliyatambua hayo katika juma la kwanza la kufika kwake. Alikuwa amefundisha hisabu katika skuli ya wasichana Unguja kwa miaka kumi na miwili, mpaka mapinduzi ya 1964 yalipomtoa yeye na mdogo wake Ghanim, na sanduku moja baina yao. Alipouliza skuli ya wasichana ya Maskati iko wapi, watu walimtazama kwa huruma, kama wanavyotazamwa wanaoulizia theluji. Ya wavulana ilikuwapo. Ya wasichana haikuwapo, na hapakuwa na aliyeona kwamba kuna kilichopungua. Mji ulikuwa na ukuta, milango yake ilifungwa usiku, na aliyetembea baada ya hapo alilazimika kubeba taa ili aonekane. Utawala uliokuwa na hamu kubwa kiasi hicho ya kumwona kila mtu gizani haukuwa na haraka ya kumwonyesha mtu yeyote kitu mchana.

Ghanim alipata ukarani, wakapanga ghorofa ya juu katika nyumba ya Bwana Sleyum, muuza vitambaa. Bwana Sleyum alikulia Unguja kabla ya kurudi Maskati, mji wa wazee wake, na mama yake, Bi Masouda, alizaliwa Mkunazini na hakukubali hata siku moja kwamba ameondoka huko. Kiswahili ndicho kilichozungumzwa nyumbani mwao. Kiarabu kilikuwa cha wageni na cha kugombeza. Bi Kheiria alipoomba binti yao Rahila, pamoja na wasichana wachache wa jirani, wapande kwake kila alasiri, Bwana Sleyum alisimama kwenye ngazi, akautazama ukuta kwa adabu, akatoa hukumu.

"Kushona, sawa. Qur'ani, ahlan wa sahlan. Hisabu, la."

"Hisabu ina dhambi gani, Bwana Sleyum?"

"Dhambi haina. Lakini msichana akijua kuhisabu, kesho ataolewa, keshokutwa atamhisabia mumewe."

"Atamhisabia nini?"

"Basi si ndiyo hayo," alisema Bwana Sleyum, na sauti yake ilikuwa na hofu ya kweli. "Ataanza kuuliza."

Bi Kheiria aliinamisha kichwa kwa heshima, akapanda juu, akakata kitambaa cheupe, akakichora maua ya kofia ya viua, akakiweka katikati ya mkeka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kofia ya darasa. Nyayo zikisikika kwenye ngazi, wasichana saba waliivamia kofia moja kwa sindano saba, na aliyepanda aliona jinsi watoto walivyoinamia kazi, akashuka ameridhika. Haikumpitikia mtu kuuliza ni kichwa gani kinachoshonewa na mikono kumi na minne kwa pamoja.

Nyayo zikiondoka, mafumbo yalianza. Hakuyaita hisabu, na kusema kweli hayakufanana na kile kilichowatesa wanafunzi wengi kwa jina hilo, yule mnyama wa kukariri na kuchapwa. Aliwapa kokwa za tende. "Weka moja. Iongeze tatu. Iongeze tano. Jaribu kuzipanga." Zikajipanga mraba. Wakaongeza saba, zikajipanga mraba mwingine mkubwa zaidi. Rahila, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na shaka ya mtu mzima, aliongeza tisa, kisha kumi na moja, akitafuta pahala ambapo mchezo utaharibika. Haukuharibika. Alikasirika kama mtu aliyetaniwa, na siku ya pili akaja mapema kuliko wote.

Siku nyingine aliwauliza: wanawake kumi wamealikwa arusini, kila mmoja akaamkiana na kila mwenziwe mara moja. Maamkizi mangapi?

"Mia!" alidakia Nasriya, binti wa jirani, mwepesi wa ulimi. "Kumi kwa kumi."

"Mia vipi?" alisema Rahila. "Kwani na wewe utajiamkia? 'Sabalkheri Nasriya, hujambo Nasriya, watoto hawajambo Nasriya?'"

Wakacheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha wakaigiza, mmoja mmoja akiingia mlangoni: wa kwanza hakukuta mtu, wa pili aliamkiana na mmoja, wa tatu na wawili, hivyo hivyo mpaka wa kumi aliyeamkiana na tisa. Moja na mbili na tatu mpaka tisa, jumla arubaini na tano.

"Na ndiyo sababu," alisema Bi Kheiria, "kahawa ya arusini hunywewa imepoa."

Wiki iliyofuata aliwapa nyumba ya vyumba tisa. Aliichora sakafuni kwa chaki: vyumba vitatu juu, vitatu kati, vitatu chini. Wageni ni namba kuanzia moja hadi tisa, kila mmoja na chumba chake, na nyumba haina amani mpaka kila mstari, wa kwenda, wa kushuka na wa mshazari, ulete kumi na tano. Hakuna aliyeipata alasiri ile. Rahila alishuka nayo kichwani.

Kule chini hakukuwa na chaki. Palikuwa na sahani nyeupe ya kaure, kijiti, na zafarani ya Bi Masouda iliyorowekwa kwa marashi. Rahila alichora vyumba vyake ndani ya sahani, akapanga, akafuta, akapanga tena, akaitwa jikoni, akaiacha sahani dirishani ikauke.

Bi Masouda alikuwa na kwikwi tangu juzi. Alikuwa amevuta pumzi, ameshtuliwa, amepigwa mgongo, na kwikwi imebaki. Akapita dirishani, akaiona sahani nyeupe yenye maandishi ya zafarani. Yeyote aliyelelewa Unguja angejua hiyo ni nini: hilo ni kombe. Huandikwa aya, huoshwa kwa maji, hunywewa kwa nia. Na hili lilikuwa na visanduku na namba, kama khatimu, zile hirizi za namba za wataalamu wakubwa! Bibi alimshukuru moyoni mwanawe kwa kumfikiria, akamimina maji, akakoroga, akasema bismillahi, akalipiga bilauri kubwa kwa mkupuo mmoja pasipo kupumua.

Kwikwi ikakatika.

Bilauri ya maji yoyote iliyonywewa kwa mkupuo ingeikata. Lakini maji matupu hayana wa kuyasifu.

Rahila alipoulizwa alisema ameipata kwa Bi Kheiria, na kesho yake kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba mwalimu wa juu ana khatimu. Alasiri ngazi ilijaa wanawake waliobeba sahani.

"Jamani, hili si kombe," aliwaambia Bi Kheiria. "Ni fumbo la watoto."

"Mashaallah, unyenyekevu huo!" wakasema, wakanyoosha sahani.

"Na tena lilikosewa," alisema Rahila, ambaye ukweli ulikuwa ukimwasha kama upele. "Bibi, ulikunywa kabla sijamaliza. Mstari wa kati ulikuwa unaleta kumi na saba."

Bi Masouda alifikiri kwa kina. "Basi hilo hilo lililokosewa ndilo nnalolitaka mie. Hayo yaliyo sawa mpeni mwengine."

Bi Kheiria hakuwaandikia kombe, lakini kinywa chake, ambacho kilipaswa kusema zaidi, kilinyamaza. Kwani kitu kimoja kilitokea ambacho miezi ya kubembeleza haikukileta. Wale mama waliomwambia kwamba hisabu huwakausha wasichana damu, sasa waliwaleta binti zao kwa mkono. "Mfundishe hii khatimu, Bi Mwalimu. Akae nayo, itamfaa." Darasa la wasichana saba likawa la ishirini. Mkeka haukutosha. Wasichana waliokatazwa kujua tatu na nne ni ngapi walitumwa waje kujifunza namba zote tisa, mradi zisiitwe namba. Alijisemea kwamba mlango ni mlango, na hauulizwi umefunguliwa kwa ufunguo gani.

Ghanim, aliyeyasikia hayo sokoni, alimwambia, "Dada, umekuwa mganga na hujaniambia. Nami nna jino."

"Nenda kwa mng'oa meno."

"Hao ishirini je, unawapeleka kwa nani?"

Swali lile lilimwingia.

Kisha akaja Hind wa nyumba ya pili, na mwanawe mchanga begani. Mtoto alikuwa anachemka kwa homa, macho nusu yamefumba. Hind aliitoa sahani ndani ya buibui.

"Huyu anataka daktari, Hind. Hospitali iko Matrah. Nenda sasa hivi."

"Nitakwenda, Bi Mwalimu. Anywe kwanza. Tukiona hakupoa mpaka kesho, nitakwenda."

Bi Kheiria aliitazama ile sahani, kisha akasema kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni kwa Bi Masouda.

"Hind! Hii ni hisabu! Ni tisa na tano na moja! Unataka kumnywesha mtoto kumi na tano?"

Wasichana ishirini waliduwaa. Ghanim, aliyekuwa ndiyo kwanza arudi kutoka kazini, alimpokea mtoto, akashuka mbele ya Hind kutafuta gari la kwenda Matrah. Mtoto alilazwa, akapona, na Hind hakuacha kumwombea Bi Kheiria dua maisha yake yote. Lakini lile neno lililokatazwa lilikuwa limekwisha kutamkwa mbele ya watu ishirini, nalo lilishuka ngazi kwa kasi kuliko Ghanim.

Bwana Sleyum alipanda siku ya pili alasiri, amefuatana na Maalim Thani, aliyekuwa akiuandikia mtaa makombe kwa miaka mingi na ambaye tangu sahani zianze kupanda juu hakubishiwa hodi na mtu. Wasichana walijibanza nyuma. Kumi na watatu hawakuja kabisa. Mama zao walikuwa wameshasikia kwamba kumbe wanafundishwa. Wamebaki wale saba. Kofia ilikuwa katikati ya mkeka, na hapakuwa na aliyeishika.

"Bi Kheiria," alisema Bwana Sleyum, "mimi na wewe tuliagana nini?"

"Tuliagana hisabu isiwepo."

"Na hii ni nini?"

"Ni hisabu."

Maalim Thani alikohoa. "Mimi nilisema tangu mwanzo si kombe. Makombe yana masharti yake. Hii ni hisabu tupu."

Alikuwa mtu pekee katika mtaa mzima aliyeusema ukweli tangu mwanzo, na aliusema kwa sababu ulimfaa. Bi Kheiria alimshukuru hata hivyo.

"Basi leo ni mwisho," alisema Bwana Sleyum. "Rahila, chukua viatu vyako."

Rahila hakusogea. Macho yake yalikuwa kwenye chaki ya sakafuni, na midomo yake ilikuwa imebana kama mtu anayezuia kulia mbele ya wageni. Baba yake naye akateremsha macho mpaka pale alipotazama binti yake, akaona vyumba tisa na namba ndani yake. Alizijumlisha, kimya kimya, mstari mmoja. Kisha wa pili. Akainama kidogo.

"Hii tano," alisema, "kwa nini imekaa kati?"

"Haikai pengine," alisema Bi Kheiria.

"Kwani sita ina ila gani?"

"Haina ila. Lakini ikikaa kati, nyumba hailingani."

Bwana Sleyum alitabasamu kama alivyowatabasamia wateja. "Bibi wee, mimi nimekaa sokoni miaka. Hakuna kisicholingana, mtu akikaa nacho vizuri."

"Hili haliwezekani, Bwana Sleyum. Na naweza kukuonyesha sasa hivi kwa nini."

Mwanamke alikuwa amemwambia haiwezekani, ndani ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya Maalim Thani. Uso wa Bwana Sleyum ulibadilika rangi.

"Usinionyeshe! Mimi ni wa kuonyeshwa? Maalim, nishuhudie. Nitaileta nyumba yenye sita kati, iliyo sawa kila upande. Na mpaka siku nitakayoileta, hakuna atakayelifunga darasa hili, watu wasije wakasema Sleyum kafunga kwa kuwa kashindwa. Nikiileta, ndipo nitakapolifunga kwa mkono wangu."

Maalim Thani alifungua kinywa, akamtazama mwenzake, akamtazama mwalimu, akakifunga. Alikuwa na vitabu vyake nyumbani, na alijua vyema nini kinachokaa kati.

Walipokwisha kushuka, Rahila aliuliza kwa kunong'ona, "Bi Mwalimu, kweli haiwezekani?"

"Njooni muone." Bi Kheiria aliweka kidole kwenye chumba cha kati. "Mistari mingapi inapita hapa?"

Wakahisabu: wa kwenda, wa kushuka, wa mshazari huu na wa mshazari ule. Minne.

"Kila mmoja kumi na tano. Ukiijumlisha minne?"

"Sitini."

"Mistari hiyo minne imewapitia wageni wote wa nyumba?"

Wote. Kila mmoja mara moja, ila wa kati aliyepitiwa na mistari yote minne.

"Wageni wote tisa, mkimhisabu kila mmoja mara moja, ni wangapi kwa jumla?"

"Arubaini na tano!" alipiga ukelele Nasriya. "Maamkizi ya arusi!"

"Kutoka arubaini na tano mpaka sitini imezidi kumi na tano. Nani kaizidisha?"

Kisha Rahila, polepole: "Wa kati. Kahisabiwa mara tatu za ziada." Akahisabu kwa vidole. "Mara tatu zake ni kumi na tano. Lazima awe tano." Akainua uso, na uso ule ulikuwa na furaha isiyo na huruma hata chembe. "Maskini Baba."

Mwaka mzima darasa lilifundishwa kwa wazi, chini ya ulinzi wa kiburi cha mwenye nyumba, na sijui serikali gani duniani iliyowahi kuipa skuli ulinzi madhubuti kuliko huo. Sokoni Matrah wateja walimkuta Bwana Sleyum amechora visanduku juu ya meza ya kukatia vitambaa. Wauza viungo walimjia na rai. Muuza halwa alidai ameipata, ikaonekana ametumia saba mara mbili. Mabwana wazima, ambao hawakuona sababu ya wasichana kujua kujumlisha, waligombana mpaka sala ikawapita juu ya kujumlisha. Nyumbani, Rahila alimpelekea baba yake kahawa, akaona namba zilizofutwa, akasema, "Baba, nikuonyeshe?" na kila mara alijibiwa, "Nenda kashone."

Kisha, alasiri moja ya mwaka 1967, nyayo zikapanda ngazi mbili mbili. Bwana Sleyum aliingia na kipande cha boksi la vitambaa mkononi, nyuma yake Maalim Thani akihema.

"Hisabuni!" alisema. "Hisabuni wenyewe!"

Juu: tatu, nane, saba. Kati: kumi, sita, mbili. Chini: tano, nne, tisa. Bi Kheiria alipitisha kidole. Kumi na nane kwenda. Kumi na nane kushuka. Kumi na nane mshazari huu, kumi na nane mshazari ule. Na sita imekaa kati, imetulia.

"Moja iko wapi?" aliuliza Nasriya.

"Nimeiacha. Nani kasema lazima nianze na moja? Dukani kwangu siuzi kitambaa chini ya wari mbili, kwa nini hapa nianze na moja? Nimeanza na mbili, nimemaliza na kumi!"

Wasichana walimgeukia mwalimu wao. Njia ya kutokea ilikuwapo, pana: fumbo lilisema moja hadi tisa, na angeweza kumwambia kwamba ameshindwa, na darasa lingebaki. Bi Kheiria aliitazama karatasi ile ngumu iliyojaa alama za kufuta. Mtu huyu, pasipo mwalimu, kwa ukaidi mtupu, alikuwa amelisukuma fumbo zima hatua moja mbele.

"Si swali nililokuuliza," alisema. "Lakini nyumba yako iko sawa, Bwana Sleyum. Ni sahihi, na ni nzuri. Umesema utaleta sita kati, na umeileta."

Kila mtu alikumbuka kile kiapo. Maalim Thani alitazama miguu yake. Rahila akaanza kuvaa viatu, kimoja, kisha cha pili, polepole sana, huku mkono wa Nasriya umemshika nguo.

Bwana Sleyum alikuwa amesimama na boksi lake. Alikuwa ameshinda, na ilionekana kwamba ushindi haukuwa na la kumwambia zaidi.

"Na saba?" alisema. "Saba kati, inaweza?"

"Inaweza, Baba," alisema Rahila.

"Nane?"

"Nane pia. Yoyote unayoitaka. Lakini hutajua kwa nini mpaka ukubali kuonyeshwa."

Bwana Sleyum aliligeuza boksi mkononi kama mtu anayepima hasara yake. Kisha alivua viatu, akakaa mwisho wa mkeka, karibu na mlango kama inavyomstahiki mwanamume mbele ya wasichana wa watu, akasema bila kumtazama mtu:

"Haya. Nionyeshe."

Rahila alivua viatu vyake tena, akashika chaki, akaweka kidole chumba cha kati. "Mistari mingapi inapita hapa, Baba?"

Darasa halikufungwa. Bwana Sleyum alipanda mara kwa mara, na walipomuuliza sokoni alisema kwamba anakwenda kukagua ushonaji. Mwaka 1970 skuli ya wasichana ilipofunguliwa hatimaye, mabwana wale wale walisimama mlangoni wakishangaa wasichana hawa wa mtaa mmoja wameijulia wapi hisabu, na Bwana Sleyum aliwaeleza, kwa urefu, jinsi alivyoliasisi darasa. Bi Kheiria alimwacha aseme. Kichwani Bwana Sleyum alikuwa amevaa ile kofia ya darasa, aliyoiomba mwenyewe: upande mmoja umejaa viua, upande wa pili mtupu, na sindano moja ingali imechomekwa pembeni.